Lori Lisilonguruma

Jumatano, 4 Juni

Lori la baba mkwe limekuwa bubu! Si lori la kweli, ni la kwenye gemu, ila kwa mzee ni lile lile. Alikuwa fundi wa malori miaka thelathini na minane. Sasa macho yamefifia, anabadilisha gia kwa kusikiliza injini. Kompyuta ya kwake ni kuukuu, gemu hili haiwezi, hivyo kila Jumamosi anakuja kwangu kuendesha, na ndiyo saa pekee anayonivumilia. Bila sauti hatakuja tena. Chanzo: jana nilipakua programu inayoahidi kuifufua kompyuta nzima kwa mbofyo mmoja. Nikabofya. Mke wangu akashauri tumwite mdogo wake, fundi wa kompyuta. Nikamwambia mambo haya nayajua.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepuliza spika. Nimebadilisha waya. Nimefuta gemu, nikalirudisha. Kimya! Mke wangu amemtaja mdogo wake mara tatu, mara moja akiwa anapiga mswaki.

Ijumaa, 6 Juni

Mpango! Nimerekodi lori la kokoto pale wanapojenga. Dereva akaniuliza kama nimetumwa na polisi. Kesho simu itajificha chini ya kiti cha mzee. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Jumamosi, 7 Juni

Mzee aliendesha dakika nne, kainamisha kichwa. Akaegesha, akazima. Injini ikaendelea kunguruma. Halafu mtu akauliza kokoto zimwagwe wapi. Mzee akasukuma usukani pembeni.

“Nimekukosea nini, mwanangu, hata unifanye mjinga?”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikampigia shemeji mwenyewe.

Jamani, yule dada! Hata kiti hakutaka. Mimi nilihangaika na kilichoharibika. Yeye akauliza kilichobadilika. Akafungua orodha ya vifaa, akakuta programu yangu imeweka draiva ya sauti ya kompyuta nyingine kabisa. Ndiyo hiyo inayoiwezesha mashine kuzungumza na spika, kumbe! Akairudisha ya zamani, akawasha upya. Bado kimya. Hakutoa hata jasho. Akaona sauti inapelekwa kwenye skrini isiyo na spika, akaielekeza kwingine. Dakika sita! Lori likanguruma, mzee akafumba macho, akacheka hadi akakohoa. Mimi nikapiga makofi, siwezi kukana. Na shemeji alipoaga, akamwambia baba yake kwamba mimi ndiye niliyemwita, basi. Ujuzi wote ule, na maringo hana! Nimemvulia kofia.

Jumapili, 8 Juni

Mzee kapiga simu. Kanisamehe, Jumamosi atakuja. Kisha akasema taratibu, neno kwa neno: “Ila kompyuta ya kwangu, usiiguse.”

Nimelitafakari hilo mchana kutwa. Maskini, anaona haya kuomba. Kesho asubuhi yeye na mama mkwe wanakwenda kupimwa macho, nyumba itakuwa tupu. Ufunguo wa kwao uko kwenye mkoba wa mke wangu.