Mahamri Yangu na Mfumuko wa Serikali

Jumatatu, 4 Oktoba 1993
Unga umepanda tena. Mwenye duka ananitajia bei huku akiangalia dari. Ana haya, angalau.

Skuli sikuiona hata mlango. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifunzwa herufi za Kiarabu, na kwa hizo naandika. Mwanakheri, anayeuza mahamri ng'ambo ya njia, alikuwa mtoro wa chuo. Akiliiba daftari hili atadhani ni dua.

Nyamvula alikuja alfajiri akielekea Bamburi kubeba mawe machimboni. Ana watoto watano. Zamani alinunua mahamri kumi, leo manne. Nikamuuliza atayagawa vipi kwa watoto watano. Akasema kwa kisu, bibi. Nimemtilia sita mengine kwa ukali, asipate nafasi ya kunishukuru.

Nimekula kiapo. Wallahi, hamri langu halipandi bei. Shilingi moja, hata niuze meza.

Jumanne, 5 Oktoba
Amekuja mtu wa serikali, Odhiambo, kalamu mbili mfukoni. Hakuamkia. Nikamtazama tu. Akakumbuka, akasema shikamoo.

Kazi yake ni kuzunguka Kisauni akiuliza bei za vitu. Nikamuuliza kwani serikali inataka kufungua duka. Akasema la, mama, serikali inapigana na mfumuko, ndio unaopandisha unga.

Nikaangalia sinia langu. Mahamri yamefumuka, yamejaa hewa kama mashavu ya mpiga zumari. Nikayafunika kwa kawa, polepole.

Odhiambo alikula mawili, akasifu yalivyofumuka. Akaandika kitu. Mtego huo.

Kumbe wenye makosa ni sisi tunaoumua!

Jumatano, 6 Oktoba
Mpango uko tayari. Sitii hamira, hata kile kijiko changu kimoja. Mfumuko ukikoma Kisauni, unga utashuka, na Nyamvula atanunua kumi kwa pesa yake na kichwa juu.

Mahamri yametoka bapa kama kandambili. Mteja wa kwanza ameuliza ni ya kula au ya kuvaa. Nikamwambia ni ya kuisaidia nchi. Akavuka njia akaenda kuisaidia kwa Mwanakheri.

Nimeuza saba. Mbuzi wa jirani amepewa moja, akalinusa, akanitazama mimi.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimeuza manne. Yote ya Nyamvula. Nikamuuliza yakoje. Akasema yana faida yake, watoto wanatafuna mpaka wanasahau njaa. Hakukusudia kunichoma, lakini nimechomeka. Nimemtilia mengine sita, na mbaazi juu yake. Kwa mwendo huu meza nitaiuza kweli.

Mwanakheri naye anaumua makusudi. Amepita na sinia kichwani, akaniuliza, mwenzangu Barke, siku hizi wakaanga viatu? Nikamwambia heri kiatu kuliko haini. Akaenda akiuliza watu haini ni samaki gani.

Mtu mmoja anaiangusha nchi nzima, na anacheka.

Jumamosi, 9 Oktoba
Nimekwenda kushitaki.

Nilimkuta Odhiambo sokoni Kongowea akiuliza bei ya nyanya. Nikamvuta kando. Nikamwambia mfumuko naujua uliko, jina na mlango wa nyumba. Akatoa kalamu. Nikafungua ncha ya leso, nikamwonyesha ushahidi: hamri la Mwanakheri, limevimba kama linamdai mtu pesa.

Alicheka mpaka kalamu ikaanguka kwenye nyanya za watu. Akanieleza, tena kwa adabu, kwamba kinachofumuka ni bei, mama, si hamri. Nikamuuliza, na hiyo bei nani ameitia hamira. Akasema hilo wakubwa wake bado wanalitafuta.

Halafu akala ushahidi.

Jumatatu, 18 Oktoba
Hamira imerudi, wateja wamerudi. Mwanakheri ametuma mbaazi kwa bakuli, na salamu kwamba alichoka kuuza peke yake bila mtu wa kumsengenya. Mbaazi zina chumvi nyingi. Nimezimaliza.

Unga haujashuka. Nyamvula bado ananunua manne, mimi bado natilia sita, na sanduku la akiba linalia kama kibuyu kitupu. Kiapo ni kiapo.

Jumanne, 26 Oktoba
Redio inasema shilingi imeachiwa ielee. Nyamvula akauliza, ikielea, unga utashuka? Nikamwambia tusisikilize redio, tutazame wenyewe.

Nimejaza karai maji. Nimetia shilingi. Imezama kama jiwe la machimbo. Tukatazamana. Nikaitoa, nikaipangusa kwa leso, nikatia tena taratibu na bismillahi. Ikazama.

Ndipo akili ikanijia. Nimechukua hamri lililoumuka vizuri, nikaliweka majini, na shilingi juu yake. Ikaelea! Ikalizunguka karai zima kama mtalii wa Nyali. Nyamvula akapiga kigelegele mpaka Mwanakheri akatoka nje na mwiko.

Basi Odhiambo na wakubwa zake wamelishika jambo kwa mkia. Mfumuko hauiangushi shilingi. Mfumuko ndio unaoishikilia juu, na mimi, kwa ujinga wangu, siku tatu nzima nilikaanga kandambili na kuizamisha nchi.

Nyamvula ameondoka na kumi, moja limelowa. Mwanakheri nimempa habari yote, maana nchi ni yetu sote, na ameapa kusaidia.

Kesho hamira vijiko vitatu.