Nilivyoahirisha Mkutano kwa Kilatini

Ijumaa, 13 Juni 2025. Lodwar.
Kesho ni mkutano mkuu wa chama chetu, sisi wafanyakazi tuliohamia Turkana kutoka kwingine. Miaka sita mimi ndiye mwenyekiti. Mwenyekiti huketi meza ya mbele, na msibani huongea kabla ya mchungaji. Kesho kuna uchaguzi. Muuguzi Mugure anakitaka kiti, na atakipata. Watu wanampenda bila sababu. Sikuweza kula.
Kisha, redioni! Spika fulani alisema bunge limeahirishwa sine die. Waheshimiwa wote wakanyanyuka, wakaenda zao. Mwili ulinisisimka. Nimeyaandika maneno hayo kiganjani.

Jumamosi, 14 Juni.
Maombi marefu sana. Niliomba mimi. Cheruiyot, msimamizi wetu wa kura, alipoanza kugawa karatasi, nilisimama, nikafunga vifungo vya koti katika joto hili, nikatangaza kwamba mkutano umeahirishwa sine die.
Mugure aliweka kalamu chini. Jebet, katibu wetu, aliomba nimtajie herufi, nikamwonyesha kiganja, akanakili. Cheruiyot alisema hajawahi kusikia neno zito hivyo. Wala mimi. Bado ni mwenyekiti.

Jumatatu, 16 Juni. Kakuma.
Nimekuja kukagua pampu ya maji. Nikampitia Adolphe, Mkongomani aliyesoma seminari na sasa ni mwalimu katika kambi ya wakimbizi. Nilijifanya kumpima: je, anaijua sine die?
Alinivutia kiti. Sine ni bila, alisema, na die ni siku. Zamani mahakama za Uingereza ziliandika hukumu kwa Kilatini. Mshtakiwa akiachiliwa, karani aliandika kwamba aende bila siku, yaani hana tena siku ya kurudi kizimbani.
Nilimwona kabisa mtu huyo. Anatoka nje, jua linampiga usoni, na hakuna tarehe inayomngoja popote duniani. Mambo makubwa kiasi hicho, nami niliyabeba kiganjani na jasho langu!
Nilimwambia Adolphe sijawahi kusikia maneno mazuri hivyo. Akatazama mlango. "Siye wa hapa pia tuko bila siku, papa. Lakini yule aliachiliwa." Ana miaka kumi na mmoja akingoja kuitwa safari ya kuhamishiwa nchi nyingine. Nikamaliza chai yake yote.
Akaongeza kwamba mkutano ukifungwa hivyo umekwisha, akauliza kama hilo ndilo nililotaka. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa bado mahakamani.

Jumanne, 17 Juni. Lodwar.
Siwezi kukaa na jambo kubwa hivi peke yangu. Saa nne ya chai nilimweleza Jebet yote, kuanzia karani hadi jua usoni. Alitulia kama yuko kanisani. Nilifurahi mno.
Kisha akatoa katiba ya chama, niliyoiandika mwenyewe, akasoma kifungu cha saba. Muda wa mwenyekiti unakwisha mkutano mkuu unapofungwa. Akauliza kwa heshima kama mkutano usio na siku ya kurudi si umefungwa. Aliniita Mzee Cornelius. Jumamosi aliniita Mwenyekiti.

Jumamosi, 21 Juni.
Wamekutana upya. Mugure amepata kura zote isipokuwa moja. Amenishukuru mbele ya watu, nao wakapiga makofi. Nimeumia sana.
Lakini sijashindwa. Gazetini leo kuna picha ya askofu mzee sana, ameketi bustanini na fimbo yake wiki moja baada ya kumwachia jimbo askofu mpya, na chini ya jina lake wameandika emeritus. Kilatini tena! Nililitazama neno hilo hadi chai ikapoa. Ni wazi ni cheo kikubwa, maana hata maaskofu hukingoja hadi uzeeni. Nimechongesha mhuri: Mwenyekiti Emeritus. Barua ya kumwamuru Mugure aniachie kiti mara moja imeshagongwa na kupelekwa, na nakala kwa kila mwanachama. Maana ya neno lenyewe nitamuuliza Adolphe nikipata safari ya Kakuma.