Nilimnyooshea Mama Mkwe Ufagio

Leo nimepatikana. Mkiona nimekosea kuandika, mnisamehe.

Mama mkwe alikuwa anakuja kwetu Loresho kwa mara ya kwanza. Mwende, mke wangu, alikuwa kazini mjini, mimi niko likizo. Kabla hajatoka asubuhi aliniambia, "Piga sebule nta. Lakini kidogo tu, halafu ufute. Hiyo ni mbao, si simiti."

Kidogo? Mimi niliyelelewa Uthiru? Kwetu simiti ilipakwa polishi kama mkate unavyopakwa siagi, na hakuna aliyewahi kuanguka. (Sawa, baba aliwahi. Mara mbili.) Nikamaliza mkebe mzima. Nikakanyaga sweta kuukuu, nikasugua nikicheza rhumba hadi nikaona sura yangu sakafuni. Nilijipenda sana!

Saa sita geti ikagongwa. Mama amefika mapema, na Mwende bado yuko njiani.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Sisi ni Wakamba, na mama mkwe wangu ni mtu wa mila za zamani. Mkwe haguswi. Hapewi mkono. Unamsalimia ukiwa mbali, macho chini. Miaka minne nimeishika heshima hiyo bila doa, na ndiyo sababu ananisifu kwa ndugu zake wote. Niliogopa kuipoteza sifa hiyo kuliko kitu chochote.

Nikafungua, kisha nikajibanza nyuma ya kochi. "Karibu, Mama. Ingia tu na viatu."

"Nikanyage sakafu imeng'aa hivi na matope ya Kangundo? Aiee, siwezi."

"Mama, tafadhali, usivue."

"Nyamaza wewe. Kwani mimi sikufunzwa adabu?"

Akavua. Soksi za nailoni!

Hatua ya kwanza, salama. Ya pili, mguu ukaenda bila yeye. Akaanza kuja. Amesimama wima, kiondo mkononi, macho yamemtoka, anateleza moja kwa moja kuelekea kabati la vioo.

"Kyalo! Kyalo we!"

Nikimshika, mila imevunjika. Nisipomshika, mama wa watu amevunjika. Nikafikiria haraka, tena kijinga. Nikanyakua ufagio ulioegemea kochi, nikamnyooshea.

Akaushika kwa nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote. Na mimi pia nilikuwa na soksi. Tukazunguka sebule, yeye upande huu wa ufagio, mimi upande ule, mzunguko mmoja, na nusu, kisha chini, puu! Ameketi mapajani mwangu, kitambaa chake cha kichwa kimenifunika uso.

Mlango ukafunguka.

"Kyalo," Mwende akasema polepole, "huyo si mamangu?"

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. (Haikupasuka. Ni mvule hiyo.)

"Mwache," mama mkwe akasema, bado yuko pale pale akitafuta pumzi. "Kiuno iko sawa. Lakini nataka kujua kitu moja. Kyalo, mimi naenda kufa, na wewe unatafuta ufagio?"

Nikauachilia ufagio.

Wazee wa kwao wamepigiwa simu. Wameamua faini ni mbuzi mmoja, kwa kumgusa mama mkwe. Naye mama mkwe mwenyewe amedai wa pili, kwa kuchelewa kumgusa. Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza aniambie mbuzi wanauzwa wapi.