Vita vya Tad Wojcik na Vidole Vyake Kumi

Zimeni redio. Lazeni simu kifudifudi. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, meza kwanza, maana habari niliyobeba ni nzito na sitaki ikukabe. Naleta habari za vita vilivyopiganwa upande wa kusini wa Milwaukee, Jumapili moja ya Januari, mchana kweupe, theluji ikiwa imemeza magari mpaka vioo; vita visivyokuwa na farasi wala mzinga, vita vya mtu mmoja na vidole vyake mwenyewe. Nami sikusimuliwa. Nilikuwa nimekaa na shujaa kochi moja, na bakuli la jibini lilikuwa mapajani mwangu.

Ewe kumbukumbu, nishike mkono. Ewe ulimi, usiteleze. Na wewe jirani wa ghorofa ya juu, unayepiga miguu sakafuni kila timu ya kijani na njano ikipata pointi, tuhurumie dakika chache, hapa chini kuna mtu anateseka.

Aimbwe Thaddeus Wojcik, mwana wa Bernadine! Fundi wa majokofu siku za kazi, simba wa kanuni siku za mapumziko. Tad Mwenye Vitabu Kichwani, Tad Asiyepitwa na Kosa, aliyejipa mtandaoni jina la Mlinzi wa Kanuni na akalistahili kiasi cha kuchosha watu. Huyu bwana hana haja na vipindi vya mabingwa. Anachopenda ni vipindi vya wageni. Watu ambao hawajawahi kucheza mchezo wa kuigiza wa mezani tangu wazaliwe wanakalishwa mbele ya kamera, wanapewa karatasi, penseli na dadu za kila umbo, wanaambiwa, "Wewe sasa ni shujaa, uko ndani ya pango lenye giza, unafanya nini?" Nao wanajibu, "Natoka." Hapo Tad hucheka mpaka anashika mbavu, kisha machozi yakikauka anainama kwenye kibodi na kuwaandikia, kwa aya ndefu zenye namba za kurasa, walipokosea.

Hiyo ndiyo kasoro yake. Vipindi kadhaa vimeshamfungia mlango kwa ajili hiyo. Lakini vipindi si kitu. Mlango uliomuuma ni mwingine.

Mwaka juzi, Sikukuu ya Shukrani, siku ya kula bata mzinga, Tad alimkalisha mama yake kwenye meza yake ya michezo, ile tunayochezea kila Ijumaa, kiti cha dirishani. Pai ilikuwa bado ya moto. Kabla haijapoa alikuwa ameshamrekebisha Mama jinsi ya kurusha dadu, jinsi ya kuzisoma, na jinsi ya kushika penseli. Bi Bernadine, aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu, aliweka dadu chini taratibu, akavaa koti, akasema, "Nimebeba watoto wa watu, wakubwa kwa vitoto, miaka yote hiyo, na hakuna niliyemsema hivi." Akaondoka. Tangu siku hiyo kiti cha dirishani hakikaliwi. Niliwahi kutupia koti langu pale nikaambiwa niliondoe.

Sasa sikieni tarumbeta. Jumatano ya wiki ile simu ililia, nami nilikuwepo.

"Tad."

"Naam, Mama."

"Jumapili nitakuwa kwenye kile kipindi. Cha wageni."

Shujaa alikaa chini. "Kipi?"

"Usijifanye hukijui. Cha Pahoua Vang, yule binti wa jirani yangu. Kaniomba, nimekubali."

"Mama! Sawa! Basi ngoja kwanza nikueleze kuhusu—"

"Thaddeus."

Akitajwa jina zima, hata majokofu hunyamaza.

"Angalia ukitaka," Mama alisema. "Ila ukiniandikia neno moja la kunirekebisha, moja tu, mchezo huo siugusi tena mpaka nazikwa. Si kwako, si kwa mwingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama."

"Rudia."

"Tumeelewana."

Na hapa, wasikilizaji, mjue desturi ya kipindi kile, kwa kuwa silaha ya ushindi ilitoka humo. Kwa Pahoua, mtazamaji haruhusiwi kumfundisha mgeni. Mgeni akikosea, acheni akosee, mwenyewe atafika. Basi anayeona kosa na mdomo unamwasha hutuma picha ndogo ya sufuria yenye kifuniko. Maana yake: nimeona, nimefunika. Wageni hawaambiwi siri hiyo mpaka mwisho. Tad, katika miaka yake yote ya kutazama, alikuwa hajawahi kutuma sufuria hata moja. Aliziita sufuria za waoga.

Jumapili ikafika. Shujaa akavaa zana za vita. Alinijia sebuleni amevaa glavu za oveni mikono yote miwili, kubwa, nyekundu, zenye picha ya kuku anayetabasamu.

"Za nini hizo?" nikamuuliza.

"Najijua," akasema. "Nikiwa na hizi siwezi kuandika hata herufi."

"Na bia utashika vipi?"

"Utaninywesha."

"Sikunyweshi mimi. Umri huo!"

Kipindi kikaanza. Pale mezani aliketi Pahoua, mwendesha mchezo, nyuma ya ubao wake wa kadibodi unaoficha siri za pango. Mkono wake wa kushoto alikaa Lowell, daktari wa meno, mgeni naye, anatoka jasho. Na mkono wa kulia, amevaa sweta yake ya kanisani, Bi Bernadine Wojcik. Mbele yao kulikuwa na skrini ndogo ambamo jumbe za watazamaji zilikuwa zinapita.

"Bi Bernadine, shujaa wako anaitwa nani?" Pahoua akauliza.

"Gladys."

"Gladys wa wapi?"

"Gladys inatosha. Ana shoka. Wewe Lowell, uko nyuma yangu, usisukumane."

Tad akaguna kama jokofu bovu. Gladys alikuwa wa kabila la vibeti, watu wafupi wa hadithini, na jina la kibeti lilitakiwa kuwa na ukoo, ukurasa wa ishirini na kitu. Lakini glavu zilishika. Mama alipolisalimia jini la mlangoni na kuliuliza kama mama yake anajua liko wapi saa hizi, Tad alicheka mpaka kochi likasogea, na Pahoua pale mezani alishindwa kuendelea kwa muda. Nikadhani vita vimekwisha tumeshinda. Kumbe ndiyo kwanza adui alikuwa anavuka mto.

Maana kila Gladys alipoinua shoka, dadu ilimsaliti. Saba. Nne. Tisa. Tatu. "Aa, bahati mbaya!" Pahoua anasema kutoka nyuma ya ubao, haoni dadu, anasikia namba tu. Mama anakunja midomo. Mimi namjua yule mama. Midomo ile ikikunjwa mara nyingi, koti huwa halipo mbali. Na kwenye skrini, sufuria zikaanza kupita. Moja. Mbili. Kisha kundi zima.

"Mbona wananitumia masufuria?" Mama akauliza. "Wana njaa?"

Tad akasogea. Akasogea tena, pua karibu iguse kioo, akitazama ile kamera ya juu inayoonyesha meza. Halafu akasimama wima, glavu zote mbili juu.

"Nyuso zenye pembe tano!"

"Nini?"

"Dadu yake! Shoka hurushiwa ya pande ishirini, na nyuso zake ni pembetatu. Ile ina pembe tano. Anarusha ya pande kumi na mbili! Tangu mwanzo! Hawezi kupita kumi na mbili hata akiombewa na kanisa zima!" Akageukia dirisha, akaihutubia theluji. "Enyi mbingu za Wisconsin, shuhudieni! Mama yangu yuko vitani na kijiko, ilhali shoka, ile dadu ya bluu ya pande ishirini, liko hapo hapo kando ya kikombe chake cha kahawa, na mimi mwanawe wa pekee nimesimama hapa nimevaa kuku mikononi!"

"Kaa chini, kaka. Kula jibini."

"Halishuki."

"Basi nitakula mimi."

Na jibini letu, kama mjuavyo, likiwa bichi hulia kati ya meno kama kiatu kipya. Nilitafuna na likalia, na kilio kile ndicho kilichokuwa ngoma pekee ya vita katika sebule ile.

Ndipo akatokea Mfalme wa Vyura. Mkubwa kama ghala, ana taji la matope. Alifungua kinywa akammeza Lowell daktari wa meno, mzima mzima, na ngao yake.

"Niko ndani?" Lowell akauliza kwa sauti ndogo.

"Uko ndani," Pahoua akasema. "Bi Bernadine, una nafasi moja. Ukipata kumi na mbili au zaidi, Gladys anamtoa. Ukikosa, chura anamalizana na Lowell kisha anamrudia Gladys, na safari yenu inaishia hapa."

Mama aliangalia mlango wa studio, pale koti lake lilipotundikwa.

Tad aliliona lile jicho. Ah, wasikilizaji, ningekuwa na ngozi ya ng'ombe wote wa jimbo hili ningeandika humo jinsi uso wa mtu yule ulivyobadilika! Akavua glavu ya kulia kwa meno.

"Tad," nikasema.

"Kwa dadu sahihi ana karibu nusu kwa nusu. Kwa ile ana uso mmoja. Mmoja! Akikosa anaondoka, namjua, anaondoka harudi."

"Na ukimwandikia?"

Vidole vitano vilikuwa uchi juu ya kibodi. Vikaandika vyenyewe, kama vilivyozoea: MAMA SIYO HIYO CHUKUA ILE YA BLUU. Yalikuwepo pale, hayajatumwa, na kidole cha shahada kilikuwa kinaelea juu ya kitufe cha kutuma.

"Nikimwandikia anaondoka pia," akasema. Sauti yake haikuwa ya hotuba tena. "Ila hapo atakuwa ameondoka kwa ajili yangu. Mara ya pili."

Akafuta. Herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama jeshi linalorudi nyuma kwa heshima na bendera yake. Neno la mwisho kubaki lilikuwa MAMA. Nalo akalifuta. Kisha shujaa, Mlinzi wa Kanuni, Tad Asiyepitwa na Kosa, akatafuta katika vile vipicha akakipata, akafumba macho, akabonyeza.

Sufuria yenye kifuniko.

Pale studio Mama alikuwa ameishika dadu mkononi. Akaipulizia pumzi, sijui nani alimfundisha, maana haimo kitabuni. "Gladys anasimamisha basi," akasema. "Anawasha taa nyekundu. Anamwambia huyo chura, mteme mwenzako sasa hivi, la sivyo nampigia mama yako simu." Akarusha.

Ikabingirika. Ikagonga kikombe. Ikatulia.

"Kumi na mbili," Mama akasema.

Yaliyofuata yalikuwa makelele. Lowell alitemwa, akamkumbatia Mama kwa kweli, nje ya mchezo. Mimi nilimwaga jibini. Jirani wa juu naye akapiga miguu, ingawa najua sababu yake ilikuwa nyingine. Tad hakupiga kelele. Alikaa sakafuni na glavu moja mkononi, akipumua.

Pahoua akatoka nyuma ya ubao. "Bi Bernadine, hebu nione hiyo dadu." Akaitazama, akaweka mkono mdomoni. Akamweleza yote: ya pande ngapi, ilitakiwa ipi, na sufuria zina maana gani.

"Yaani hawa wote waliona?" Mama akauliza.

"Wote."

"Wakanyamaza?"

"Ndiyo desturi yetu. Na umefika mwenyewe."

Mama akavaa miwani, akaisogelea skrini, akaanza kuzirudisha jumbe nyuma kwa kidole, polepole. Tukajua anatafuta nini. Tad alisimama. Kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama.

"Mlinzi wa Kanuni," akasoma. "Sufuria." Akavua miwani akatazama kamera, na pale sebuleni tukawa kama tunatazamwa sisi. "Tad. Ni wewe huyu au umeibiwa kompyuta?"

Shujaa akaniangalia. "Nijibu?"

"Kaulizwa mtu, ajibu!"

Akaandika: Ni mimi, Mama.

"Umekunywa dawa?"

Hapana.

Mama akacheka. Kicheko cha kweli, kile cha zamani cha nyuma ya usukani. "Kile kiti cha dirishani bado kipo?"

Kipo.

"Basi Ijumaa nakuja. Nitaleta pai." Akaichukua dadu ya pande kumi na mbili, akaibusu, akaitia mfukoni mwa sweta yake. "Na nakuja na hii hii. Hii ndiyo yangu."

Niliona kifua cha Tad kikijaa pumzi. Niliona mkono wa kulia ukipaa kuelekea kibodi, na katika jicho lake nikaona kurasa zikifunguka, namba zake, aya zake. Basi nikatimiza sehemu yangu katika historia: niliokota glavu chini nikamvisha.

Na ijulikane kwa wote watakaozaliwa baada yetu, kwamba Ijumaa ile Bernadine Wojcik aliketi kiti cha dirishani mpaka pai ikapoa na ikaisha, akarusha dadu yake ya pande kumi na mbili palipotakiwa ya ishirini, akapata tano, mbili, sita na moja; na Thaddeus mwanawe, kila aliposikia namba, alisema, "Vizuri, Mama," akiwa amevaa kuku wote wawili.