Kizibao cha Babu na Dawa ya Mayai

Jumatatu, 28 Machi 1955

Kizibao kimekataa! Nimekivaa mbele ya kioo cha Mama, nikabana pumzi, nikasukuma tumbo ndani kwa mkono. Kifungo cha juu kikaingia kwa taabu. Cha kitovuni hakikulikaribia tundu lake. Na harusi yangu na Saleha ni tarehe kumi na nne.

Si kizibao cha dukani hiki. Babu alikivaa kwenda kumwoa Bibi, marehemu Baba akakivaa kwenda kumwoa Mama. Ami Mwinyijuma, mdogo wake Baba, ndiye anayekitunza sandukuni. Amesema fundi cherehani hatakigusa. Atakayekifunga ndiye atakayekivaa. Kisha akampa mwanawe, Miraji, ajaribu. Kikafunga chote, na nafasi ikabaki! Miraji ndiye mpambe wangu. Maana yake atatangulia kizibaoni, mimi bwana harusi nimfuate nyuma na kanzu tupu. Pangani nzima, kwao Saleha, itampongeza yeye.

Haiwezekani. Akili ninayo. Tumbo litaondoka.

Jumanne, 29 Machi

Nimekwenda kwa Ernesti, dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari, Mbondei wa Muheza. Mtu wa vitabu. Kanieleza kwamba nyama, samaki, mayai na maharage vina kitu kiitwacho protini. Mtu akila hivyo njaa huchelewa kurudi, na huenda akajikuta anakula kidogo bila kujilazimisha. Kwa hiyo nivile badala ya kujaza wali na maandazi. Akasema si kila mwili huitika sawa, na tumbo haliondoki kwa siku mbili tatu. Akaanza na habari ya kiasi. Wakati huo nilikuwa mlangoni.

Alhamisi, 31 Machi

Ajabu! Asubuhi mayai. Maandazi sikuyatazama, Mama akauliza kama naumwa. Mchana samaki changu wa kuchoma na kunde. Alasiri, kule ghala la mkonge nilipo karani, nikaingoja njaa yangu ya kila siku. Haikuja. Muuza mihogo akapita dirishani akiniita kwa jina. Nikampungia mkono tu! Alisimama kidogo, akaenda zake kwa huzuni.

Jumatatu, 4 Aprili

Kifungo cha pili kimefunga. Jioni niliwaeleza wazee wa barazani juu ya protini mpaka wakaondoka mmoja mmoja. Miraji kasema nanuka pweza. Husuda.

Sasa naongeza nguvu. Ikiwa mayai mawili yanaifukuza njaa hadi alasiri, pweza mzima ataifukuza hadi harusini. Tena nimegundua jambo ambalo hata Ernesti hakuliwaza. Wali aliutaja. Maandazi aliyataja. Tui la nazi hakulitaja! Nimemwambia Mama pweza wangu apikwe kwa tui zito, na kuku vilevile. Kwa nini nijitese?

Alhamisi, 7 Aprili

Balaa.

Bi Mboni, mamake Saleha, alitualika Pangani, mimi na Miraji. Pilau yake inajulikana mpaka Muheza, nami nikaiogopa. Nikafanya hila. Kabla ya kupanda basi nikala pweza bakuli zima, mayai, na paja la kuku. Nikafika Pangani na amani moyoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, sinia likaja linafuka. Hamu hakuna! Nikamshukuru Ernesti kimoyomoyo. Nikafinyanga tonge, nikalirudisha. Nikafinyanga jingine. Nyuma ya pazia wanawake wakaanza kunong'ona. Miraji akala upande wake, akala wangu, kisha akasifu chumvi.

Bi Mboni akatoka mwenyewe. Akauliza kwa upole kama pilau ina kasoro. Nikasema haina, nimeshiba tu. Akauliza nimeshibia wapi.

Hapo ndipo nilipoona shimo nililojichimbia. Mwanamume huenda kwa wakwe na njaa yake. Anayekwenda ameshiba, ana jiko jingine! Bi Mboni akasogea, akanusa. Akasema pweza huyo kapikwa kwa tui zito, na tui zito halimwagwi kwa mtu asiyependwa. Nikaapa kapika Mama. Miraji, badala ya kunitetea, akakohoa.

Ijumaa, 8 Aprili

Ami kaleta ujumbe. Harusi imesimama mpaka mwanamke wa pweza ajulikane. Saleha analia tangu jana.

Leo sina mzaha. Nampenda Saleha. Nimempenda tangu aliponicheka nilipoanguka kwenye ngazi za kwao, akanifutia magoti. Nikimkosa huyu, sijui nitakuwa mtu gani. Kizibao nakitoa. Karibu nakitoa.

Jumapili, 10 Aprili

Nimemvizia Ernesti mlangoni pa kanisa, Pasaka yenyewe, nikampandisha basi na tai yake shingoni. Mbele ya Bi Mboni akaieleza protini kinaga-ubaga, jinsi inavyoshibisha na jinsi inavyopunguza hamu. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba hakuniambia nile bakuli zima, na kwamba tui la nazi peke yake laweza kumnenepesha mtu. Bi Mboni akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kasoma vizuri. Kisha akaagiza sinia. Kama sina jiko jingine, nile.

Kutoka nyuma ya pazia Saleha akauliza kama ninamwoa yeye au ninaoa kizibao.

Nikala! Pilau, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina. Ernesti akaninong'oneza habari ya kiasi. Nikasikia Saleha anacheka, nikaomba tena. Harusi ipo! Bi Mboni kanikumbatia, kaniamuru nirudi kesho nile. Na kesho kutwa.

Jumatano, 13 Aprili

Nimerudi, nimekula. Sasa hata kifungo cha juu hakifungi.

Lakini mwenye akili hashindwi na kitambaa. Mbele kila mtu anaona. Nyuma patakuwa na joho. Nimejifungia chumbani na mkasi wa Mama, nikakichana mgongoni katikati, kutoka chini mpaka karibu na kola. Kimefunga chote! Hata kupumua napumua.

Jumatano, 20 Aprili

Tumo katika fungate, kwa Bi Mboni, nami nalishwa asubuhi, mchana na jioni. Harusi ilifana. Ami alivitazama vile vifungo, machozi yakamtoka, akasema nimefanana na Baba. Miraji alifuata nyuma! Joho sikulivua hata jasho liliponifika viatuni.

Leo Saleha kakichukua kizibao akishone kabla Ami hajakidai. Alipogeuza bitana akaniita. Upande wa kushoto wa mgongo pana mchano wa zamani, umeshonwa kwa uzi mweusi. Upande wa kulia pana mwingine, uzi wa buluu. Babu. Baba. Saleha akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi niliwahurumia. Masikini, hawakuwa na mtu wa kuwaambia habari za protini! Elimu imefika katika ukoo kwa mkono wangu. Nimemwambia Saleha kwamba kuanzia kesho ni mayai na samaki tu, na pweza kidogo, kwa tui lakini. Mwanetu atakapooa atakifunga kizibao hiki kutoka juu hadi chini, kizima, bila mkasi.

Alimaliza kushona kwa uzi mwekundu, akachomeka sindano kwenye kibonge cha uzi uliobaki, akavitia vyote katika mfuko wa kizibao. Sijui vya nini. Wanawake hawapendi kutupa vitu.

Bi Mboni anaita. Harufu hiyo ni ya wali wa nazi. Kesho, basi.