Mmiliki: Faragha

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza lebo arobaini! Zote kwa mkono: Usingizi Mwanana, jina la vijishuka vyangu vya watoto. Nikaenda duka la intaneti, nikamwomba dada wa pale anisajilie jina hilo mtandaoni. Limeshachukuliwa. Wifi yangu kacheka mpaka akakaa chini. Eti nimenunua mbeleko kabla ya mimba.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe unaweza kuulizia jina ni la nani. Dada kafungua ukurasa wa kuulizia. Juu pana picha ya kufuli. Nikamwomba afungue na hilo. Akasema liache, maana yake swali letu na jibu lake vinasafiri vimefunikwa, hakuna wa kuchungulia njiani. Ila si kwamba tutaambiwa kila kitu. Tumeambiwa: Mmiliki: Faragha. Basi mbaya wangu nimemjua.

Jumatano, 5 Machi
Nimeulizia na mengine. Jina la chekechea, Faragha. La fundi viatu, Faragha. La duka la vitanda, Faragha! Mwanamke ana tamaa huyu. Nimemwandikia pale penye "Mwombe mmiliki". Nimemweleza hadi meno ya mwanangu yanavyomsumbua.
Jioni, ujumbe kwenye simu: kuna mtu anaomba umwachie jina lako. Jina alilonipa bibi? Nikabonyeza Hapana. Papo hapo ukaja mwingine: mmiliki amekataa ombi lako. Roho ya korosho.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechoka. Nimefumua lebo kumi na tisa. Mtoto kalala juu ya nyuzi. Mume wangu kasema nitafute jina jingine. Jina si nepi, nibadilishe tu.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kaangalia tarehe ya usajili. Siku ya chanjo ya mwanangu. Yeye alikuwa likizo. Mimi nilikuwa wapi? Pale pale dukani, mtoto analia mapajani, nabonyeza kila kisanduku. Nilidhani mtandao ulikatika.
"Mama Kichanga, jina ni lako," kasema taratibu. "Ulibonyeza mwenyewe jina la mmiliki lifichwe. Faragha si mtu."
Nimeitikia. Lebo ishirini na moja zimepona.

Jumapili, 9 Machi
Wifi kaja, mpole kama maji ya mtungini. Jina la saluni yake limechukuliwa. Tumeulizia: Mmiliki: Faragha. Nikamshika bega, nikamwambia asihangaike, huyo namjua. Mwanzoni hukataa. Ukimnyamazia siku mbili, analegea.