Daktari, Nirudishie Chumvi Yangu

Kwa Daktari wa Moyo,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.

Mheshimiwa Daktari,

YAHUSU: KUINGILIWA KWA NYUMBA YANGU NA MOYO WANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kitini, unakula unachotaka. Mimi ni yule fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na posta. Tulikuja kwako mimi na mke wangu kupima afya, wazo la binti yetu, si langu. Tulipimwa sote wawili, kisha mimi nikaondoka kabla ya majibu kwa sababu nilikuwa na sare za shule za kumalizia, na wazazi wa wanafunzi hawana subira. Mke wangu akabaki kukusikiliza. Aliporudi alitua mkoba mezani, akakaa, akasema: "Daktari amesema moyo umechoka. Inabidi tubadilishe maisha."

Moyo wangu mimi, uchoke! Moyo ambao sijawahi kuutumia kwa jambo lolote la maana, umechokea wapi? Hata hivyo nilikubali, kwa kuwa uso aliokuwa nao mke wangu siku ile haukuwa wa kubishana nao. Tangu hapo nyumba yangu haikaliki, na lawama zote nakubebesha wewe kama ifuatavyo:

1. Umeifukuza chumvi nyumbani kwangu. Hebu nieleze, msomi wewe: mtu akiwa mzee wa kuheshimika, watu husemaje? Husema amekula chumvi nyingi. Sijasikia hata siku moja wakisema amekula matango mengi. Lugha nzima imekaa, imekubaliana kwamba chumvi ndiyo humfikisha mtu uzeeni, halafu wewe unakuja na mpira wako wa kusikilizia vifua kuibishia. Mboga za mke wangu sasa zina ladha ya maji yaliyooshewa mboga nyingine. Lakini usidhani umeshinda. Akitoka nje kuanua nguo, mimi hufunua sufuria, nikatia kijiko changu cha siri, nikakoroga, nikafunika. Yeye anakula vizuri tu, anasifu kwamba ndimi zetu zimeanza kuzoea!

2. Umeagiza tutembee kila asubuhi. Mtu anayekanyaga cherehani kutwa nzima ameshatembea, ila yeye ana akili ya kutembea akiwa amekaa. Sasa natoka nyumbani nimevaa raba za mkwe wangu, mbwa wa mtaa mzima wananibwekea, na jirani yangu kinyozi ananiuliza nani amefariki. Kibaya zaidi ni mke wangu. Kila kona anasimama, anashika ukuta, ananiambia eti amesimama ili mimi nipumzike. Mimi! Mimi ambaye nimeshafika kwenye tangi la maji, nimekunja mikono, namngoja yeye! Nimemwambia wazi kwamba huruma ya namna hiyo ni dharau.

3. Katika chumba chako cha kungojea kuna picha ya mzee anayekimbia huku anacheka. Katika maisha yangu sijaona mtu anayekimbia huku anacheka, isipokuwa mwizi aliyewaponyoka watu. Itoe.

4. Umepiga marufuku hasira. Daktari, mimi ni fundi cherehani. Mteja ananiletea kitambaa cha kutosha leso, anataka suti na kofia yake. Bila hasira nimjibu kwa kutumia nini? Juzi mama mmoja alikosoa upindo wa gauni lake, upindo ambao hata mashine ya kiwandani ingeuonea wivu. Nikavuta pumzi ndefu kama ulivyoagiza, nikashusha, nikamtabasamia. Mama yule amezunguka mtaa mzima akitangaza kwamba fundi amepata kichaa, na wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata.

5. Sigara sitaizungumzia, maana nikiizungumzia nitaitamani.

6. Mafuta umeyapunguza mpaka kikaango chetu kimeanza kupata kutu. Mke wangu ananiambia vumilia, tuko pamoja. Na kweli tuko pamoja: kila ninachonyimwa, naye anajinyima. Mimi sikumwomba. Mgonjwa ni mmoja, adhabu inatumikiwa na wawili, na sijui ni chuo gani kilichokufundisha hesabu ya namna hiyo.

Kwa hayo yote naomba umwandikie mke wangu kwamba ulikosea. Ukiona aibu kukiri kosa, basi uhamishie ugonjwa huu kwa jirani yangu muuza nyama, ambaye ana nafasi ya kutosha kifuani. Na hilo nalo likikushinda, nipe cheti chenye muhuri kinachothibitisha kwamba mimi sina moyo kabisa. Mashahidi sitawakosa: wapo wateja wangu, wapo mashemeji zangu wote, na mama mkwe atakuja kunitolea ushahidi hata kama itabidi abebwe. Asiye na moyo hawezi kuugua moyo. Faili langu lifungwe, na chumvi irudi mezani mchana kweupe.

Nisalimie wauguzi wako, hasa yule aliyenibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Msalimie mlinzi wa getini, msalimie mama anayefagia ngazi, na umsalimie kwa namna ya pekee yeyote hapo kwenu ambaye bado anakula vitu vyenye ladha.

Ni mimi mwenye moyo mzima,
Fundi cherehani, mkabala na posta.

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea mke wangu, nikitaka acheke. Alicheka tangu salamu, mpaka akajifuta machozi. Nilipofika kwenye sufuria akaacha kucheka, akaniomba niache kusoma. Akasema: "Baba watoto, moyo wako hauna neno lolote. Daktari alisema ni wangu." Nikamuuliza mbona siku ile hakunieleza. Akanijibu bila hasira: "Nilikueleza kwamba moyo umechoka. Hukuuliza ni wa nani."

Ni kweli, Daktari. Sikuuliza. Ilinijia moja kwa moja kwamba ni wangu, kwa sababu katika nyumba ile kila kitu huwa ni changu. Barua siichani. Isome yote, ujue mgonjwa wako anaishi na mtu wa namna gani. Maombi yangu yote nayafuta, hata lile la picha. Kesho asubuhi namleta kwako. Tutakuja taratibu, na mimi sitatangulia. Tafadhali mpime upya, kisha uniambie kijiko changu kimemfanya nini, na usinifiche. Naogopa sana. Kibanda nimekifunga, na safari hii nitakaa mpaka majibu yatoke.